Siku nne Napa, na maswali ya baba kutoka Mpunguzi

Siku ya kwanza, Jumanne

Safari hii aliianzisha baba. Mwaka jana nilipita kwenye duka la vinywaji hapa Minnesota, nikaona chupa ya mvinyo imefungiwa ndani ya kabati la kioo, kama zile dawa tunazofungia kwa funguo mbili kazini kwangu. Bei yake ilizidi dola 400. Nikaipiga picha, nikamtumia. Baba ana ekari mbili za zabibu Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na bei za zabibu zimemshangaza maisha yake yote, ila siku zote kwa udogo wake. Akanipigia palepale.

"Mama, hiyo sifuri ya mwisho ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, baba."

"Chupa ya lita ngapi?"

"Robo tatu ya lita."

Kimya. Nikawa nasikia kuku tu huko nyuma yake. Kisha akasema: "Basi siku moja uende ukaone hao watu wanafanya nini ambacho sisi hatufanyi."

Chupa yenyewe ni Opus One, na hao watu wako Oakville, katika bonde la Napa, California. Huwezi kujiendea tu ukabisha hodi. Unaweka miadi mapema na unalipia kuonja, zaidi ya dola 100 kwa kichwa. Hiyo ya malipo sikumwambia baba. Nikadunduliza siku za likizo, nikakata tiketi ya mwisho wa Februari, wakati ambao ukiwa Minnesota unatamani kwenda popote pale.

Alfajiri ya leo nimeacha theluji imefika juu ya magurudumu ya magari. Saa nne angani, na nikashuka Oakland watu wamevaa fulana. Shoga yangu amekuja kunipokea. Ni mtu wa Mombasa, tulisoma naye uuguzi, yeye akahamia Vallejo baada ya baridi kumshinda. Hanywi pombe, hajapata kuonja, na ndiye dereva wangu kwa siku zote nne.

"Yaani umepanda ndege masafa yote hayo kuja kunywa," alisema akiingiza begi langu kwenye buti. "Mimi ntakupeleka. Dhambi utabeba mwenyewe, na petroli utalipa wewe."

Usiku, baada ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, nilimtumia baba ujumbe wa sauti. Huko kwake kulikuwa kumeshapambazuka, maana Dodoma iko saa kumi na moja mbele ya California. Nilimweleza habari niliyoisoma kwenye ndege. Mmoja wa waliounda Opus One, Robert Mondavi, alizaliwa Minnesota, jimbo langu, mwaka 1913, huko kaskazini kwenye migodi ya chuma. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Marekani ilipopiga marufuku pombe mwaka 1920, sheria iliacha mlango kwa familia kutengeneza mvinyo kidogo wa nyumbani, na Waitaliano wa kule migodini walimtuma baba yake Robert kwenda California kuwanunulia zabibu. Akaenda, akapapenda, akahamisha familia Lodi na kufungua biashara ya kusafirisha zabibu kwa makasha.

Baba akajibu akicheka: "Kumbe kizazi cha madalali!"

Kabla ya kulala nilimwandikia shoga yangu, aliyekuwa chumba cha pili, asije akasahau: "Miadi ni keshokutwa saa 4." Akanirudishia kidole gumba.

Siku ya pili, Jumatano

Leo ilikuwa siku ya kuzunguka tu. Kutoka Vallejo unashika barabara namba 29 kwenda kaskazini, unapita mji wa Napa, na baada ya hapo nyumba zinapungua na mizabibu inaanza, kulia na kushoto, mpaka unachoka kutazama. Bonde lenyewe ni jembamba. Milima ya Mayacamas iko magharibi, ya Vaca iko mashariki, na barabara inakwenda katikati kilomita karibu hamsini hadi Calistoga. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi. Kuna mahali unaona milima ya pande zote mbili bila kugeuza shingo sana.

Kilichonishtua ni rangi. Nilijua nitakuta mizabibu haina majani, maana huku ni majira ya baridi. Sikujua kwamba katikati ya mistari kutakuwa na maua ya haradali, ya njano, yamefika kiunoni, shamba baada ya shamba. Shoga yangu alisimamisha gari mara tatu ili nipige picha, mara ya nne akakataa.

Baba alipoziona picha hakujali maua. "Mbona miti imekufa?"

Haijafa baba, imelala. Hapa nikagundua kwamba nimekulia kwenye zabibu na sijawahi kuuona mzabibu uliolala. Dodoma mzabibu haulali wenyewe, hauna baridi ya kuulaza. Sisi ndio tunaoulazimisha: unakata maji, unapogoa, unasubiri machipukizi, na kwa mtindo huo tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Napa wanavuna mara moja, kuanzia Agosti mpaka Oktoba hivi kutegemea aina na mwaka, kisha majani yanadondoka na mti unakaa kimya miezi kadhaa. Nilipomweleza hivyo baba, alichekelea kwa namna ambayo ilinifanya na mimi nichekelee. "Mara moja? Mwaka mzima? Na ndiyo wanauza dola mia nne? Waambie waje Mpunguzi tuwafundishe."

Yeye yuko katika wiki ya mwisho kabla ya kuvuna. Jumatatu anaanza. Kiwanda kinachonunua zabibu zake bado hakijatangaza bei, na baba anasema hilo ni jambo la kawaida, kwamba bei huwa unaikuta getini wakati kreti zako zimeshapakuliwa na jua linaziangukia. Msimu uliopita alisimama kwenye foleni siku mbili. Majirani zake wawili waliamua kukamulia nyumbani na kuuza mchuzi wa zabibu kwa bei ya kutupa, kwa sababu mchuzi angalau unasubiri.

Tulikwenda mpaka Calistoga, tukarudi kwa barabara ya Silverado upande wa mashariki, ambayo ina magari machache. Wakati wa kwenda, pale Rutherford, nilikuwa nimemwonyesha shoga yangu Beaulieu, moja ya makampuni yaliyonusurika miaka ile ya marufuku ya pombe kwa kutengeneza divai ya misa. Hilo baba alilielewa bila maelezo. Hata zabibu za Dodoma watu wanazihusisha na mapadre, wale wa misheni ya Bihawana, na divai ya altare.

"Basi makanisa yana kesi ya kujibu," alisema shoga yangu.

Siku ya tatu, Alhamisi

Saa tatu na robo asubuhi nimevaa, nimejipaka mafuta, nimeshika mkoba. Shoga yangu yuko jikoni na leso kifuani, anasukuma mahamri.

"Tunaondoka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Hata mapema, saa tisa hivi. Si ulisema miadi ni four?"

"Nilisema saa 4!"

"Ndiyo. Four."

"Saa nne! Saa nne ya asubuhi!"

Tukatazamana. Unga ulikuwa mpaka kwenye viwiko vyake. "Shoga," alisema polepole, "nina miaka kumi na tano Marekani. Nikiona 4 naisoma 4."

Sitaeleza alivyoendesha. Tulifika saa nne na dakika ishirini, mahamri yakiwa kwenye mfuko wa karatasi mapajani mwangu. Mpokeaji wageni alitupa maji, akatuambia tusijali, tutaingia na kundi linalofuata. Nadhani aliona jasho.

Jengo lenyewe ukiwa barabarani unaweza kulipita. Limekaa chini, limeegemezewa udongo pembeni ukapandwa nyasi, kama kichuguu kikubwa kilichokatwa juu kikawekewa nguzo. Mawe yake ni meupe ya chokaa. Limechorwa na kampuni ya Johnson Fain and Pereira ya Los Angeles, likaanza kujengwa 1989 na kumalizika 1991. Unapanda ngazi pana, unaingia kwenye ua wa duara, na kelele za barabara zinakatika ghafla. Shoga yangu, ambaye alikuja akiwa ameshaamua kutovutiwa, alisema kwa sauti ya chini: "Kama msikiti." Kisha akasema nisimnukuu. Nimemnukuu.

Mwenyeji wetu alituanzia hadithi pale uani, na naiandika kama nilivyoisikia pamoja na niliyokuwa nimeyasoma, maana hii ndiyo sehemu baba aliyoitaka.

Walikuwa wawili. Mmoja ni Baron Philippe de Rothschild, bwana wa Château Mouton huko Pauillac, Bordeaux. Alikabidhiwa shamba hilo mwaka 1922 akiwa na miaka ishirini, na 1924 akaamua mvinyo wake wote utiwe chupani shambani kwake mwenyewe. Kabla ya hapo, wafanyabiashara wa Bordeaux walikuwa wananunua mvinyo kwa mapipa na kuutia chupa wao. Baada ya kupigana miaka mingi, mwaka 1973 alifanikiwa kulipandisha Mouton hadi daraja la kwanza, katika orodha ya madaraja ya mvinyo wa Bordeaux ambayo ilikuwa imekaa karibu vilevile tangu 1855. Wa pili ni Mondavi wetu wa Minnesota. Familia yake ilinunua kampuni ya mvinyo ya Charles Krug hapa Napa mwaka 1943. Akaiendesha pamoja na mdogo wake, mpaka 1965 wakapigana ngumi, na chanzo kimojawapo kikiwa koti la manyoya ambalo Robert alimnunulia mkewe. Akatolewa. Mwaka uliofuata, akiwa amepita miaka hamsini, akaanzisha kiwanda chake mwenyewe Oakville.

Hawa wawili walikutana Hawaii mwaka 1970 na Baron akagusia wazo la kufanya kitu pamoja. Halikwenda popote. Mwaka 1978 akamwita Mondavi Pauillac. Baron alikuwa na desturi ya kufanyia kazi kitandani, na kitandani ndiko alikompokea mgeni wake. Hawakuzidi saa mbili. Nusu kwa nusu, mvinyo mmoja tu, zabibu za Napa, akili ya pande zote mbili.

Nilimwomba mwenyeji arudie hapo kwenye nusu kwa nusu. Mfaransa ndiye aliyekuwa na jina, Bordeaux nzima ilikuwa nyuma yake. Napa wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kusikika, miaka miwili tu tangu mashindano ya Paris ya 1976 ambapo waonjaji wa Kifaransa, wakionja bila kuona lebo, walizipa nafasi ya kwanza mvinyo za California. Kwa hesabu za kwetu, mwenye jina angechukua sabini na mwenye shamba angeshukuru kwa thelathini. Mwenyeji alisema hapana, tangu siku ya kwanza ilikuwa sawasawa. Mavuno ya kwanza, ya 1979, yalitengenezewa kwenye kiwanda cha Mondavi ng'ambo ya barabara, na waliosimama juu ya mapipa walikuwa wawili vilevile: Tim, mwana wa Mondavi, na Lucien Sionneau aliyetoka Mouton.

Mwaka 1981, kasha moja la mvinyo huo, ambao hata jina haukuwa nao bado, liliuzwa kwenye mnada wa Napa kwa dola 24,000. Jina lilikuja 1982. Baron alipendekeza "Opus", neno la Kilatini ambalo wanamuziki hulitumia kuhesabia kazi zao. Siku mbili baadaye akapiga simu kuongeza "One". Chupa za kwanza, za mavuno ya 1979 na 1980, zilitoka sokoni 1984. Jengo hili Baron hakuliona. Alifariki Januari 1988, na binti yake Philippine, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani, ndiye aliyelisimamia pamoja na Mondavi.

Tukashuka chini. Zabibu zinaingilia juu na kuteremka kwa uzito wake zenyewe hadi kwenye matangi, hazisukumwi kwa pampu. Halafu ukafunguliwa mlango na tukawa mbele ya chumba cha mapipa.

Hapo nilisimama. Ni chumba kilichopinda kama nusu ya duara, kirefu, baridi, na mapipa yamepangwa chini kwa safu moja tu, hakuna pipa juu ya pipa. Kama elfu moja. Kwa sababu chumba kimepinda, mwisho wake huuoni. Unaona mapipa yanakata kona tu na kuendelea. Kila pipa ni la mwaloni wa Ufaransa, lita 225, na tumboni kila moja lina mkanda wa wekundu wa mvinyo ambao mtu ameupaka kwa mkono, kwa sababu pale kwenye mdomo wa kujazia ndipo mvinyo hudondoka, na pipa lote likiwa jekundu hapo doa halionekani. Ni hila ya Bordeaux. Mama yangu alikuwa na hila hiyohiyo ya kushona kitambaa cheusi magotini mwa suruali zetu.

Harufu: mbao mbichi, mkate, na kitu cha chini yake ambacho nilikijua kabla sijakitambua. Ni harufu ya chumba cha nyuma nyumbani, msimu baba alipokosa mnunuzi na kukamua mchuzi kwenye mapipa ya bluu ya plastiki. Ileile. Hapa wameipa ubaridi na taa za kuchagua. Mvinyo unakaa humu karibu mwaka na nusu. Walipokuwa wanachimba chumba hiki walikuta ardhi ina joto kutoka chini, ikabidi kuzungusha mabomba ya maji baridi, na gharama zikapaa.

Nilifikiria joto la chumba cha nyuma Mpunguzi mwezi Oktoba, nikaacha kufikiria.

Kuonja sasa. Glasi ni kubwa kiasi kwamba mvinyo ukiwa ndani unaonekana kama umesahauliwa. Karibu yote ni zabibu aina ya Cabernet Sauvignon, na kidogokidogo Merlot, Cabernet Franc, Petit Verdot na Malbec. Kila aina na kila kipande cha shamba hukaa peke yake kwanza, kisha wanachanganya, na vipimo hubadilika kila mwaka. Mimi si mwonjaji. Nitasema nilichokipata: kwanza zambarau, zile mbivu zinazoacha ulimi mweusi. Halafu kitu kikavu kinachokamata fizi, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Halafu, baada ya kumeza, bado kipo, na bado kipo, mpaka nikatazama saa. Shoga yangu aliinusa glasi yake ya maji, kwa uaminifu, akasema: "Yako yanukia kama duka la viatu vipya." Mwenyeji alimwambia amepatia, ngozi ni moja ya harufu zinazotajwa.

Ni tamu kuliko mvinyo wa dola ishirini? Ndiyo. Mara ishirini? Hapana, na sidhani kuna kitu cha kunywa duniani kinachoweza kuwa hivyo. Unalipia pia chumba kile, na pipa jipya, na watu wawili kwenye lebo.

Tuliruhusiwa kupanda juu ya paa. Kutoka huko unaona shamba lenyewe, na mara moja niliona tofauti ambayo nilikuwa sijaiona jana barabarani: mistari imebanana. Mashamba ya zamani ya Napa yaliachia nafasi kubwa ili trekta lipite. Hapa walipanda kwa mtindo wa Bordeaux, mti karibu na mti, ili mizizi igombanie na kila mti uzae kidogo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, sehemu kubwa ya Napa ilibidi ing'oe mizabibu kwa sababu ya filoksera, kidudu kidogo kinachonyonya mizizi mpaka mti unakauka. Mizizi waliyokuwa wameitegemea ikakutwa haiwezi kuhimili, na bonde likapandwa upya kwa gharama ambayo iliwamaliza wengi.

Jioni nilimtumia baba picha ya lebo, ile yenye vichwa vya wazee wawili kwa pembeni, kisogo cha mmoja kimeungana na cha mwenzake, kila mmoja anatazama upande wake, na chini sahihi zao zote mbili.

Swali lake la kwanza: "Mbona wamegeuziana migongo? Walikosana?"

Hawakukosana baba, ni uchoraji.

Swali la pili: "Na mbia mmoja akifa?"

Hilo nilikuwa nimeliuliza mwenyewe. Wote wawili wameshafariki. Mondavi alikufa 2008, ana miaka 94. Kabla ya hapo, mwaka 2004, kampuni yake nzima ilinunuliwa na Constellation Brands, kampuni kubwa ya vileo, na ile nusu ya Opus One ikaenda nayo. Nusu ya pili imebaki na familia ya Rothschild. Mwaka 2005 wabia wapya walikubaliana kwamba Opus One ijitegemee katika mashamba, uuzaji na uendeshaji, na utengenezaji ulikuwa umeshawekwa mikononi mwa mtu mmoja, Michael Silacci, badala ya wawili wa kutoka pande mbili.

Baba alikaa na hilo muda. Kisha: "Kwa hiyo mmoja alibaki na damu, mwingine akabaki na sahihi."

Sikuwa na la kuongeza.

Siku ya nne, Ijumaa

Ndege yangu ni ya jioni. Nilimwomba shoga yangu turudi bondeni asubuhi, kwa sababu baba alikuwa ameacha ombi moja: anataka kuona mkono unaopogoa. Si jengo, si mapipa. Mkono.

Tuliwakuta kando ya barabara ya Silverado, kwenye shamba ambalo sikuona bango lake, watu kama wanane wakiongea Kihispania na redio ndogo imening'inizwa kwenye waya. Nilimsalimia aliyekuwa karibu na uzio, nikamwonyesha picha ya baba kwenye simu, baba yuko katikati ya mizabibu na mkasi wake, nikaonyesha mkono wake yeye. Alicheka, akaelewa. Akanifanyia polepole.

Anashika tawi la mwaka jana, rangi ya mdalasini. Anahesabu kwa kidole gumba: jicho la kwanza, jicho la pili. Juu ya la pili anaweka mkasi, mshazari, tako la mkasi likiwa upande wa kinachotupwa. Tak. Tawi lenye urefu wa mkono mzima linadondoka, kinabaki kisiki cha urefu wa kidole. Anahamia linalofuata. Nilihesabu: sekunde kumi na mbili kwa mti mzima, na alikuwa anafanya polepole kwa ajili yangu. Kwenye pale alipokata pakatoka tone moja la maji, safi kama chozi.

Niliokota kipande kilichoanguka. Shoga yangu alikuwa tayari anatikisa kichwa: "Usithubutu. Watakushika." Ni kweli, miche na vipandikizi havivuki mipaka bila vibali na karantini, na baada ya kusikia habari za filoksera jana nilielewa kwa nini. Nikakirudisha chini. Tukawaachia wale mabwana mahamri yaliyobaki. Yule aliyenionyesha alilionja moja pale pale, akaita mwenzake.

Video nimeituma nikiwa kwenye gari. Jibu la baba limenikuta Oakland, uwanjani, nimekaa chini karibu na soketi ya umeme. Huko kwake ilikuwa alfajiri ya Jumamosi.

"Mkono mzuri," alisema. "Ila jicho la juu amelikaribia mno. Kwetu jua lingekausha mpaka ndani. Mwambie aache nafasi." Kisha akauliza wale watu wa Opus One wanauza kilo shilingi ngapi.

Nikamwambia hawauzi kwa kilo, baba. Zabibu zao haziendi getini kwa mtu. Zinaingia mlango wa juu, zinatokea chini zikiwa chupa, na kwenye chupa kuna sahihi zao.

Nilianza kuingia kwenye foleni ya ndege simu ikalia tena. Picha: kreti zake, zimepangwa ukutani kwa ajili ya Jumatatu, na kwenye kila moja herufi za jina lake kwa rangi nyekundu ya mafuta, mbichi, nyingine imechuruzika.

"Na mimi sahihi nimeweka," alisema kwenye sauti iliyofuata. "Msimu uliopita tatu hazikurudi."